Mimi wa Kajiado

Kajiado,
31 Agosti 2025

Mpendwa Cindy,

Leo nimeamua kwamba katika barua hii na zote zitakazofuata nitakuambia kila kitu, hata yale yatakayonifanya nionekane mjinga. Naomba nawe uniahidi hivyo. Simu haziruhusiwi hapa shuleni, lakini Madam Achola, mwalimu wetu wa historia, anakaa Kitengela na amekubali kutubebea barua akienda nyumbani mwisho wa wiki.

Kila kitu, basi. Naogopa mtihani wa kidato cha nne. Wenzangu wanaamka alfajiri kusoma na mimi naamka nao, ila nikifungua kitabu cha kemia naona tovuti yetu. Jana wakati wa prepu, tunapojisomea usiku, niliichora kwenye karatasi, kwa sababu Madam anasema tovuti huanzia kwenye karatasi kama nyumba inavyoanzia kwenye ramani. Nimechora ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa watu, wa picha, na wa mwisho ambao nimeuita Vyanzo. Usicheke. Najua hatujui kitu. Wewe umejifunza kompyuta kwa likizo moja tu, na mimi hata panya wake ananitoroka mkononi. Lakini unakumbuka darasa la saba tulipoambiwa tuandike historia ya mahali tunapoishi? Tulitafuta Kitengela kwenye mtandao tukapata ploti za kuuzwa, ukurasa baada ya ukurasa. Ni kama mji wetu ulizaliwa jana na dalali.

Nataka mtoto wa darasa la saba akitafuta, apate mtu. Na mtu wa kwanza awe nyanya yangu, Susu.

Wewe uko karibu naye, mlango kwa mlango. Tafadhali nenda umuulize alikuja mwaka gani na kwa nini alitoka Masii. Umuulize hapo kwetu palikuwaje. Kisha umwonyeshe ile picha iliyo nyuma ya kioo cha kabati, ile amesimama kando ya barabara na mama wa Kimaasai, wote wawili wameshika birika moja na wanacheka. Muulize yule mama ni nani. Nimemuuliza tangu nikiwa mdogo na kila mara ananituma nikamletee maji.

Sharti ni moja, na ni la Madam: kila jibu liandikwe jina la aliyesema na tarehe aliyosema. Bila hivyo si historia, ni porojo.

Rafiki yako,
Nzilani Munguti


Kitengela,
7 Septemba 2025

Nzilani wangu,

Naahidi. Kila kitu.

Nilienda kwenu jana mchana. Susu alikuwa ameketi mlangoni anapepeta mahindi ya muthokoi. Kabla sijasalimia akaanza na jina la baba yangu: "Mtoto wa Ochola! Umekuja mikono mitupu? Hata omena kidogo ya kunusa, samaki wa kwenu?"

Nikamwambia, "Susu, nimekuja na maswali."

"Maswali haipikwi."

Nikamweleza ni ya tovuti. Akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni kama ukuta ambao mtu akiwa popote duniani anaweza kuusoma. Akafikiri. "Na mvua ikinyesha?"

"Haunyeshewi, Susu."

"Basi hiyo si ukuta ya Kitengela."

Nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuangalia. Sasa majibu. Ameyasema Nzilani Mutuku, yaani Susu, tarehe sita Septemba, nimeandika vile alivyosema.

Alikuja mwaka gani? "Ile mwaka njaa ya gorogoro, ile ya kupimiwa unga na mkebe, ilikuwa imeisha lakini tumbo ilikuwa bado haijajua. Munguti alikuwa anatambaa." Baba yako, akitambaa! Nikamwambia, Susu, tovuti inataka namba. Akasema tovuti ikitaka namba iende benki.

Hapa palikuwaje? "Barabara ya Namanga, nyasi, na nyumbu. Nyumbu wakianza kuvuka, madereva wa lori wanazima injini. Lori ikizima, dereva anasikia baridi. Akisikia baridi anataka chai. Mimi niko hapo na birika. Unaandika? Andika nyumbu ndio walisomesha baba yake Nzilani."

Halafu nikatoa ile picha. Aliipangusa na leso, akaitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu? Huyu hapana. Hii nitamwambia yeye mwenyewe akimaliza mtihani. Hii si hadithi ya kutumwa na mtu."

"Hata nikikuletea omena?"

"Hata ulete ziwa lote."

Basi tutangoja Novemba. Nilipoinuka kuondoka hakutaja jina lako, unajua vile yeye huwa. Alisema: "Nisalimie mimi wa Kajiado. Umwambie mimi asome, asilale na njaa, na asikope viatu vya watu." Hiyo ya viatu sijaielewa.

Kwa upande wa kompyuta, Timothy wa saiba, lile duka la kompyuta, ananiacha nitumie mashine ya kona wateja wakipungua. Nimeandika jina la tovuti kwa herufi kubwa na likatokea! Nilisimama kama mtu aliyeona jina lake gazetini. Lakini picha niliyoweka ilikuwa nzito, ikawa inafunguka polepole kama pazia la bibi harusi. Timothy amenionyesha kuipunguza, maana watoto wenyewe watatumia simu za wazazi na bando la mkopo.

Wako,
Cindy Akoth


Kajiado,
14 Septemba 2025

Mpendwa Cindy,

Nimeisoma barua yako kitandani, kisha nikawasomea wasichana wa chumba chetu sehemu ya nyumbu. Simaloi, ambaye kwao ni Isinya, amesema hata nyanya yake huhesabu miaka hivyo. Sasa kila kitu kikichelewa hapa, hata uji, tunasema nyumbu wanavuka.

Ya viatu nitakueleza. Kidato cha kwanza nilikopa viatu vya msichana mwingine siku ya kutembelewa, nisionekane na vyangu vilivyotoboka. Susu aliviangalia tu akasema, "Hiyo miguu si yangu." Ndivyo alivyo. Kwa kuwa nina jina lake, yeye na mimi ni mtu mmoja aliyegawanyika. Baba huniita Mwaitu, mama yetu, na anaponikaripia hutazama chini kwanza. Nikiwa mdogo niliumwa jino, na Susu akakataa kula nyama mpaka nikapona. Alisema haiwezekani atafune na yeye anaumwa. Hajawahi kuniita mjukuu hata siku moja. Mjukuu ni Muteti, ndugu yangu. Mimi ni yeye.

Kwa hiyo yale majibu yake uyaweke vilevile, pamoja na makosa yake ya kusema. Usimnyooshe.

Kuna jambo nimeliwaza, sijui kama litafaa tovuti. Nimegundua Kitengela haina makaburi yetu. Baba yako akizungumza juu ya kuzikwa anasema Siaya, Baba anasema Masii, na mwenye kioski anasema Kakamega. Kila mtu huko anaishi kama aliyeacha gari likiwa linanguruma. Labda ndiyo sababu mji hauna historia: watu wake wanapokufa huondoka na hadithi zao. Madam alisema hilo ni wazo zuri, kisha akaniambia nirudi kwenye kemia.

Mwambie Susu nimekula, nimesoma, na viatu ni vyangu. Mwambie hadithi ya picha naingoja kuliko matokeo.

Rafiki yako,
Nzilani


Ujumbe wa simu, kutoka kwa Roda, mama yake Nzilani, kwenda kwa Cindy
24 Septemba 2025

Cindy mwanangu, najua ulisikia kilio kwetu jana jioni. Susu ametuacha. Alianguka akiota jua, tukafika hospitali amekwisha nyamaza. Tunampeleka Masii, atazikwa tarehe tatu.

Nakuomba kama mama. Usimwandikie Nzilani habari hii. Mimi nilikuwa kidato cha nne baba yangu alipofariki. Niliambiwa siku mbili kabla ya mtihani. Niliketi pale na kalamu, na karatasi nikairudisha nyeupe. Mpaka leo naosha nguo za watu. Mwalimu Achola amekubali kunyamaza. Akimaliza mtihani nitamwambia kwa mdomo wangu, nimemshika. Endelea kumwandikia kama kawaida asishtuke.
Mama Nzilani


Jibu, siku hiyohiyo

Pole sana Mama. Bado siamini. Jumamosi nilikuwa naye. Nitafanya vile umesema. Lakini akiniuliza juu ya Susu nitasema nini? Sisi tuliahidiana.
Cindy


Jibu

Sema yuko nyumbani. Si uongo. Amerudi nyumbani.
Mama Nzilani


Kitengela,
5 Oktoba 2025

Mpendwa Nzilani,

Samahani nimechelewa, nilikuwa na homa kidogo. Sasa niko sawa. Watu wote wa kwenu ni wazima, na Susu yuko nyumbani. Anakusalimu sana, mjukuu wake, na anakutakia mtihani mwema.

Niko na habari itakayokufurahisha. Susu amebadilisha nia na ameeleza ile picha. Yule mama anaitwa Naserian. Mwaka 1985 Susu alipofika hapa hakuwa na mahali pa kuteka maji, na Naserian alimwonyesha kisima cha ng'ombe. Hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo walizungumza kwa mikono. Kila asubuhi Naserian alileta maziwa, Susu akaleta majani ya chai, na wakanunua birika moja wakaimiliki pamoja. Ndiyo ile kwenye picha. Baadaye familia ya Naserian iliuza ardhi ikahama kuelekea Kajiado, na hawakuonana tena. Susu anasema alimpenda kama dada.

Nimeiweka kwenye ukurasa wa watu. Timothy alisema imependeza.

Soma sana. Usiwe na haraka ya kunijibu.

Cindy


Kajiado,
12 Oktoba 2025

Mpendwa Cindy,

Nimeisoma hadithi ya Naserian mara nyingi hadi karatasi imelegea. Wawili wasio na lugha na birika moja! Cindy, hiyo ndiyo Kitengela. Hiyo ndiyo tulikuwa tunaitafuta tangu darasa la saba. Nimefikiri tovuti yenyewe tuiite Birika Moja. Unaonaje?

Simaloi amesisimka kuliko mimi. Amesema kama walihamia huku Kajiado, wazee watamjua, na mama yake alipokuja jana kwa siku ya maombi alimwomba aulizie. Hebu fikiri tukimpata Naserian akiwa hai! Susu ashangae mlangoni!

Jana ndiyo ilikuwa siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi walikuja, mchungaji akabariki kalamu zetu zikiwa kwenye karai kama maharagwe. Nilitazama lango mpaka shingo ikauma. Mama alikuja peke yake. Nilimuuliza Susu yuko wapi, akasema safari ingemchosha. Mama amekonda, Cindy, na alikuwa amejifunga kitambaa cheusi ambacho sijawahi kukiona. Wakati wa maombi alilia kuliko wote, mpaka mama wa msichana mwingine akamshika kiuno. Nilimwambia asiogope, nitapita. Alinikumbatia na hakuniachilia hata kengele ilipolia. Sikujua kwamba mtihani wangu unamuumiza hivyo. Nimeona haya kwa kila saa niliyopoteza.

Sasa nikuambie lililo moyoni, kwa kuwa niliapa. Barua yako inasema Susu anamsalimu mjukuu wake. Nilidhani macho yangu yamekosea. Hajasema "mimi wa Kajiado"? Hajauliza kama nimekula? Halafu hadithi aliyosema ataniambia mwenyewe amekupa wewe. Sina wivu na wewe, nakuapia. Lakini nahisi kama amenitoa mle nilimokuwa. Nimemkosea nini? Ni kwa sababu sikuja likizo fupi nilipobaki kwa masomo ya ziada? Tafadhali muulize, na uniletee jibu lake lilivyo, hata likiwa kali.

Na umesahau kuandika tarehe aliyosema hadithi ya Naserian. Tena umeandika mwaka kwa namba, na ulisema Susu hataki namba. Umemnyoosha, sivyo? Rekebisha tafadhali, ukurasa wa Vyanzo una nafasi wazi hapo.

Rafiki yako,
Nzilani


Ujumbe wa simu, kutoka kwa Cindy kwenda kwa Roda
18 Oktoba 2025

Mama Nzilani, naomba unifungue kwenye ahadi niliyokupa. Ile hadithi ya picha niliitunga mimi. Nilitaka afurahi kabla ya mtihani, nikaona atabaki na kitu. Sasa wanamtafuta huyo mama Kajiado nzima. Na anadhani Susu amemkasirikia kwa sababu sikuandika ile salamu yake. Nilijaribu kuiandika, mkono ukakataa. Kwetu hutumi salamu za mtu aliye kaburini. Hadithi niliweza kutunga, lakini ile salamu si yangu. Naomba nimwambie.
Cindy


Jibu

Mwanangu, wiki mbili tu zimebaki aanze. Nilimwona siku ya maombi, nusura nimwambie. Nilipomshika alikuwa mwepesi kama kuku. Tumefika hapa, tusimwangushe mlangoni. Lawama zote nitabeba mimi.
Mama Nzilani


Kitengela,
26 Oktoba 2025

Mpendwa Nzilani,

Susu hajakukasirikia. Hilo nakuapia kwa Mungu, na hilo unaweza kuliweka kwenye tovuti na jina langu na tarehe ya leo. Ni mimi nilikosea kuandika salamu. Kosa ni la mkono wangu.

Tafadhali mwambie Simaloi wasimtafute Naserian kwanza. Tutalizungumza ukija. Jina Birika Moja pia lingoje.

Kompyuta ya kona imeharibika kwa hiyo sijaendelea. Sina mengine. Mungu akuongoze kwenye kila karatasi.

Cindy


Kajiado,
2 Novemba 2025

Mpendwa Cindy,

Kesho tunaanza. Madam Achola atachukua hii jioni. Alipopita darasani aliweka mkono kwenye kichwa changu akausahau hapo. Nadhani wote wanatuhurumia.

Asante kwa kuniapia. Nimelala vizuri. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa, ni ya Susu. Msomee polepole, sikio la kushoto. Nimemwomba msamaha kwa lolote, na nimemwambia nitakapomaliza sitapita kwa mtu, nitatoka stendi moja kwa moja hadi mlangoni kwake, na asilale mapema siku hiyo kwa sababu nataka hadithi ya picha kwa mdomo wake hata kama nimeshaisoma. Nimetia sahihi: Mimi wa Kajiado. Nimemsaidia kuanza, labda naye atamalizia.

Niombee kemia.

Nzilani


Masii,
25 Novemba 2025

Cindy,

Nimeketi kwenye kigoda chake. Waliniambia Ijumaa, siku niliyomaliza. Nilitoka stendi moja kwa moja kama nilivyoandika, na sanduku langu kichwani, na mlango ulikuwa na kufuli. Mama alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amenifuata tangu stendi akishindwa kuniita. Alinigeuza akanishika, na nikajua kwa kitambaa cheusi. Kila kitu kilijipanga chenyewe: tarehe iliyokosekana, mjukuu, machozi ya maombi, mkono wa Madam. Mambo yote niliyosoma vibaya, mimi niliyejiita mwanahistoria.

Niliapa kukuambia kila kitu, kwa hiyo hata hili nitasema. Nilikuchukia kwa siku tatu. Mama nilimwelewa upesi. Alinisimulia ile karatasi yake nyeupe, nikaona msichana wa umri wangu akiwa ameketi na kalamu, nikashindwa kumlaumu. Lakini wewe uliahidi. Wakati nikiwasomea wenzangu habari za Naserian na kucheka, Susu alikuwa na siku mbili tu udongoni. Nimelia kifo chake nikiwa nimechelewa, kama mtu anayefika karamuni wakati vyombo vinaoshwa. Watu wa hapa wamekwisha kulia. Wananitazama kwa upole na kurudi shambani, kwa kuwa mvua imeanza.

Jana Baba alinipeleka kaburini. Ni tuta tu bado, na mtu amepanda maua ya njano yasiyoshika. Baba alinirudishia karatasi niliyomwandikia Susu. Kumbe ulimpa. Haikuwa imefunguliwa. Nilimsomea Susu mwenyewe, polepole, upande wa sikio la kushoto, na nilipofika kwenye sahihi sikuweza kuitamka. Mimi wa Kajiado ni nani sasa, kama hakuna yule wa Kitengela wa kuniita? Baba alisimama kando na kofia mkononi. Nilipoinuka aliniambia, "Twende, Mwaitu," kisha akajisikia alichosema, na tukalia wote wawili.

Nilimuuliza juu ya picha. Hajui. Shangazi Kalunde hajui. Hakuna anayejua. Alikuwa ameniwekea mimi.

Kwa hiyo tufanye hivi. Toa hadithi ya Naserian. Najua uliitunga kwa upendo, na nikikuambia ukweli ni nzuri kuliko nyingi zilizo za kweli, lakini mtoto wa darasa la saba ataiamini kama nilivyoiamini. Nimemwandikia Simaloi waache kutafuta. Picha iache mahali pake. Chini yake andika: Nzilani Mutuku na rafiki yake, kando ya barabara ya Namanga. Jina la rafiki hatulijui. Ukimjua, tuandikie. Majibu ya tarehe sita Septemba yabaki yalivyo, nyumbu na benki na yote. Ni machache, lakini ni yake. Na sehemu ya Vyanzo, mbele ya picha, iache wazi. Usiweke hata kistari.

Mama alinionyesha ujumbe wako kwenye simu, ule unaosema mkono wako ulikataa kuandika salamu yake. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikaketi. Ungeiandika, nisingeshuku kitu, na leo nisingejua ni ipi salamu yake ya mwisho na ipi ni yako. Kwa hilo tu nimeweza kushika kalamu hii. Sijui kama nimekusamehe. Nadhani nimeanza.

Tutarudi Kitengela baada ya Krismasi. Shangazi Kalunde anakuja huko Alhamisi na atakuletea barua hii, atakaa siku mbili kisha arudi. Usimwache aondoke mikono mitupu. Katika ujumbe wako mwingine, ule wa Septemba, uliandika kwamba Jumamosi ile kabla ya kifo ulikuwa naye. Usinipe jibu zuri, Cindy, nipe lake, hata kama ni neno moja, hata kama alikuomba omena tu, hata kama alikuwa amelala na hakusema kitu. Andika jina lake na tarehe.

Siku ile ya mwisho, ulipoinuka kuondoka, alisema nini?

Nzilani